Injini Inapomisi: Tupime Kwanza au Tubadilishe Kwanza?

Gari dogo la petroli limesimama kwenye taa za barabarani, na injini inaanza kutetemeka. Mlio uliokuwa mmoja sasa unakatikakatika. Taa ya kijani inapowaka na dereva kukanyaga mafuta, gari linasita, linajikokota, kisha linaruka kama lililosukumwa kwa nyuma. Mafundi wana neno moja kwa hali hiyo: gari linamisi.

Mpaka hapo wote wanaelewana. Kinachofuata ndicho kinachowachanganya wenye magari. Gari hilo likipelekwa gereji nne, linaweza kurudi na majibu manne. Gereji ya kwanza itasema plagi zimekwisha. Ya pili itachomeka mashine, itasoma namba kwenye kioo, na kusema koili ya silinda ya pili imekufa. Ya tatu itauliza mafuta yamewekwa kituo gani, kisha itashauri nozeli zisafishwe. Ya nne itasikiliza kidogo na kutoa hukumu: injini imechoka, tafuta nyingine. Mwenye gari anabaki na mfuko mmoja na ushauri wa aina nne.

Kila jibu lina ukweli wake, kwa kuwa kila moja limewahi kuponya gari fulani. Uchambuzi huu unayapitia moja baada ya jingine, pamoja na njia ya tano ya kutumia sikio na mkono wa fundi: yametoka wapi, nguvu yake iko wapi, na yanakwama wapi. Unahusu injini za petroli pekee, kwa sababu dizeli haitumii plagi za cheche na ina mambo yake.

Misi ni dalili

Ili petroli iwake vizuri ndani ya silinda, mambo matatu lazima yakutane: mchanganyiko wa hewa na petroli wenye uwiano unaofaa, mgandamizo wa kutosha, na cheche kali inayopigwa kwa wakati wake. Uwiano unaolengwa ni takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Cheche nayo inahitaji koili igeuze volti 12 za betri kuwa maelfu ya volti, mara nyingi zaidi ya 20,000, ili umeme uruke pengo la kama milimita moja kwenye ncha ya plagi.

Injini ya silinda nne ikiwa sailensi, yaani inaunguruma gari likiwa limesimama, huzunguka kama mara 700 kwa dakika. Kila silinda huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili, yaani mara 350 kwa dakika, karibu mara sita kila sekunde. Silinda moja ikikosa zamu yake, mzunguko unalegea kidogo kabla silinda inayofuata haijauinua tena. Mtetemo anaousikia dereva kwenye usukani ni huko kuchechemea.

Kwa hiyo chanzo cha misi kinaweza kutoka katika makundi manne. Kundi la moto lina plagi, koili na, kwa magari ya zamani, waya za plagi na disitributa. Kundi la mafuta lina nozeli, pampu na filta. Kundi la hewa lina mipira iliyopasuka, gasketi ya manifodi na sensa ya kupima hewa. Kundi la mgandamizo lina valvu, ringi, gasketi ya silinda hedi na cheni au mkanda wa taimingi. Pembeni kuna waya zilizokatika na soketi zenye kutu, ambazo huweza kuiga ugonjwa wa kundi lolote.

Muda ambao misi inajitokeza husema mengi. Gari linalomisi linapopanda mlima tu, kama pale Kitonga mkoani Iringa, mara nyingi lina tatizo la moto. Dereva anapokanyaga mafuta sana, hewa nyingi huingia kwenye silinda, shinikizo hupanda, na umeme huhitaji nguvu zaidi kuruka pengo la plagi. Koili dhaifu iliyokuwa ikijitahidi kwenye tambarare hushindwa hapo. Gari linalomisi likiwa sailensi na kutulia likikimbia lielekezwe kwanza kwenye hewa ya wizi. Injini ikiwa sailensi huvuta hewa kidogo, hivyo ile inayopenya kwenye mpira uliopasuka huwa sehemu kubwa ya hewa yote inayoingia. Mwendo ukiongezeka, sehemu hiyo hupungua na misi hufifia. Gari linalomisi asubuhi kwa dakika chache huku likitoa mvuke mweupe, na maji ya rejeta yakipungua bila kuonekana yanakovujia, linaashiria gasketi inayopitisha maji ndani ya silinda usiku kucha.

Pia, kuna mitetemo isiyo misi kabisa. Mauntini za injini zikikatika, injini yenye afya itatikisa gari zima. Toyota Vitz na Passo zenye injini ya silinda tatu hutetemeka kiasi zikiwa sailensi kwa maumbile yake, na mwenye gari aliyezoea silinda nne anaweza kununua plagi na koili kutibu kitu ambacho hakiumwi.

Kwa nini magari yetu yanamisi sana

Sababu ya kwanza ni umri. Sehemu kubwa ya magari madogo ya Afrika Mashariki huja yakiwa yametumika Japani. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haijayafungia mlango magari ya zamani, ila huyatoza ushuru wa ziada wa uchakavu. Kwa vyovyote, gari linapoanza maisha yake mapya, plastiki za koili na sili za mpira zimekwishapikwa na joto kwa miaka mingi, na mwenye gari hajui plagi zilibadilishwa lini, kama zilibadilishwa.

Ya pili ni mafuta. Uchakachuaji wa petroli kwa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa kiasi cha kuzilazimisha serikali kuchukua hatua. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na mwaka uliofuata ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuua faida ya kuchanganya. Kenya nayo ilianzisha tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa lengo hilo hilo. Petroli iliyochanganywa hivyo huwaka vibaya, hugonga ndani ya silinda na kuacha masizi.

Ya tatu ni mazoea. Injini huoshwa kwa maji ya presha, na maji hutuama kwenye visima vya plagi. Sili za tapeti kava huachwa zivuje hadi oili ijae kwenye visima hivyo hivyo na kuizamisha koili.

Ya nne haizungumzwi sana, nayo ni malipo. Katika gereji nyingi mteja hulipa kwa kuona: kipuri kipya kimefungwa, cha zamani kiko mkononi. Fundi aliyetumia saa mbili kupima na kugundua mpira wa hewa uliopasuka hulipwa chini ya aliyefunga koili nne kwa dakika 20. Mpango wa namna hii unamsukuma hata fundi mwaminifu abadilishe kwanza, afikirie baadaye.

Msimamo wa kwanza: anza na plagi

Wanaoshika msimamo huu wana hoja nzito. Plagi ni kitu cha kuchakaa. Za kawaida hutumika kwa makumi machache ya maelfu ya kilomita, na za iridiamu hufika karibu 100,000. Gari lililoingia bila historia ya huduma linahitaji plagi mpya hata lisipomisi, kwa hiyo fedha hiyo haijapotea. Pengo la plagi hupanuka kadiri ncha inavyoliwa, koili hulazimika kutoa umeme mkali zaidi kila mara, na mwishowe koili yenyewe huungua. Plagi mpya kwa wakati huokoa koili.

Udhaifu wa kwanza ni kwamba plagi mpya zinaweza kutuliza misi kwa wiki mbili bila kuiponya. Silinda inayopitisha oili itaichafua plagi mpya kama ilivyoichafua ya zamani. Wa pili ni spea bandia: plagi yenye jina kubwa kwenye boksi na chuma duni ndani huongeza tatizo jipya juu ya la zamani, na fundi huanza kutafuta mbali kwa sababu anaamini plagi si suala tena.

Udhaifu mkubwa zaidi ni kwamba plagi za zamani hutupwa bila kusomwa. Fundi makini huzipanga juu ya kitambaa kwa mfuatano wa silinda, ya kwanza hadi ya nne, kisha huziinamia kwenye mwanga. Ncha ya kahawia hafifu au kijivu ni ya silinda yenye afya. Nyeusi yenye masizi makavu imepata mafuta mengi au haikuwaka. Iliyolowa oili kwenye ncha inashtaki ringi au sili za valvu, na iliyolowa sehemu ya juu tu inashtaki tapeti kava. Nyeupe iliyopauka imefanya kazi kwenye joto kubwa au petroli pungufu. Moja ikiwa safi kupita wenzake, kama iliyooshwa, huenda maji ya rejeta yanaingia humo. Taarifa hiyo yote ni ya bure, nayo huishia kwenye pipa la taka. Kuzisugua kwa msasa na kuzirudisha ni kosa jingine, maana ncha nyembamba ya iridiamu haivumilii msasa.

Msimamo wa pili: mashine ijibu

Mashine ya kupimia imeleta heshima mpya gerejini, na imestahili. Inafaa kukumbuka ilizaliwa kwa kazi gani. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD-II kwa magari yote madogo kuanzia matoleo ya mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Lengo lilikuwa kulinda hewa ya miji. Kompyuta ya gari ilipewa kazi ya kushtuka injini inapoanza kutoa moshi wenye madhara, na misi ni moja ya njia za haraka za kuutoa.

Ndiyo maana mashine inajua jambo moja vizuri na mengine kwa kubahatisha. Sensa ya krenkishafti hupima kasi ya mzunguko sehemu kwa sehemu. Kasi ikishuka pale silinda ya pili ilipopaswa kusukuma, kompyuta huandika P0302. Silinda ya kwanza ni P0301, ya tatu P0303, na misi inayohamahama kati ya silinda huandikwa P0300. Hapo mashine imetaja mahali. Haijasema koili, haijasema plagi, haijasema valvu. Fundi anayesoma P0302 na kutamka "koili" ameongeza neno ambalo mashine haikulisema.

Nguvu ya mashine iko pia katika mambo ambayo wengi hawafungui. Huhifadhi picha ya hali ilivyokuwa kosa lilipotokea: joto la injini, mwendo, mzigo. Huonyesha asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza petroli. Ikiongeza zaidi ya asilimia kumi kila wakati, kuna hewa isiyohesabiwa au petroli isiyofika, na P0300 ikiambatana na hali hiyo inamwondoa fundi kwenye plagi na kumpeleka kwenye mipira ya hewa na presha ya pampu.

Hata hivyo mashine hudanganyika. Silinda isiyowaka hutoa hewa yake bila kuitumia. Sensa ya oksijeni huiona hewa hiyo kwenye ekzosi, na kompyuta huamini petroli ni pungufu hata kama tatizo ni koili tu. Barabara ya vumbi yenye matuta madogo madogo hutikisa magurudumu, mtikisiko hupanda hadi kwenye krenkishafti, na baadhi ya magari huuhesabu kama misi. Baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayazungumzi vizuri na vifaa vya bei nafuu vya Bluetooth. Kisha kuna kosa la binadamu: kufuta namba kabla ya kuziandika. Mteja hufurahi taa ya injini imezimika, na ushahidi umezimika nayo.

Msimamo wa tatu: sikio na mkono wa fundi

Mafundi wa zamani hawakuwa na kioo cha kusoma, na bado waliipata silinda iliyokufa. Njia yao ni kuzima silinda moja moja injini ikiunguruma. Ukizima iliyo nzima, mlio hushuka na mtetemo huongezeka. Ukizima ile mbovu hakuna kinachobadilika, kwa sababu haikuwa ikifanya kazi.

Kwa magari ya leo mbinu hiyo inahitaji marekebisho. Wengi bado huchomoa koili, na umeme mkali usio na pa kwenda hutafuta njia ndani ya koili yenyewe na kuitoboa, wakati petroli ya silinda hiyo inaendelea kumwagika bila kuwaka. Ni salama zaidi kuchomoa soketi ya nozeli: petroli inakatika, na silinda inazimika bila kuumiza kitu.

Silinda ikishajulikana, kipimo bora kuliko vyote hakihitaji kununua chochote. Fundi huchukua koili ya silinda ya pili na kuipeleka ya tatu, ya tatu akaileta ya pili. Kila kitu kingine hakiguswi. Gari likitembea na P0302 ikageuka P0303, koili imekiri kosa. Namba ikibaki P0302, koili haina hatia, na plagi inahamishwa kwa utaratibu huo huo. Plagi nayo ikitoka safi, zamu ni ya nozeli na mgandamizo. Ni kazi ya kama nusu saa, na jibu lake halina ubishi.

Mgandamizo hupimwa kwa geji inayofungwa kwenye tundu la plagi. Hapa pana mtego usiozungumzwa. Hewa ya Nairobi au Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya bahari, ina shinikizo pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Injini ile ile inayosoma psi 180 pwani inaweza kusoma chini ya 150 nyanda za juu, ikiwa na afya tele. Anayelinganisha namba hiyo na kitabu bila kufikiri atauza injini nzima. Kinachopaswa kulinganishwa ni silinda kwa silinda: tatu zikikaribiana na moja ikaachwa mbali, zaidi ya asilimia 10 hadi 15, hapo kuna hoja. Ukitia oili kidogo kwenye silinda dhaifu na geji ikapanda, ringi ndizo zinazovujisha. Isipopanda, tazama valvu au gasketi.

Udhaifu wa msimamo huu ni kwamba unategemea mtu. Sikio zuri hujengwa kwa miaka, na misi inayokuja mara moja kwa siku haisikiki gerejini. Hapo kumbukumbu ya mashine inamshinda fundi hodari.

Msimamo wa nne: safisha

Wanaolaumu mafuta na nozeli wana sababu, tukizingatia historia ya uchakachuaji. Nozeli iliyoziba nusu humwaga petroli kama mkojo badala ya kuipuliza kama ukungu, na tone kubwa haliwaki vizuri. Nozeli zikitolewa, zikapimwa na kusafishwa kwenye mashine yake, tofauti ya kiasi kati ya moja na nyingine huonekana kwa macho kwenye mirija ya kioo. Kipimo na tiba viko mahali pamoja.

Chupa ya dawa inayomiminwa kwenye tanki ni hadithi nyingine. Inaweza kusaidia uchafu mwepesi, lakini haifufui koili wala kuziba mpira. Tena kuna injini ambazo haiwezi kufika panapotakiwa. Injini za Toyota za D-4, zilizofungwa kwenye baadhi ya Nadia, Noah, Premio na Allion, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Migongo ya valvu za kuingizia hewa haioshwi na petroli hata tone, na masizi hujenga juu yake mwaka hadi mwaka. Dawa ya kwenye tanki hupita pembeni ya tatizo. Hapo manifodi lazima ifunguliwe na valvu zisafishwe kwa mkono au kwa vifaa vyake.

Msimamo wa tano: badilisha injini

Kuna wakati hukumu hii ni ya haki. Pistoni iliyotoboka, valvu iliyoungua pamoja na silinda hedi iliyopinda, ringi zilizokwisha kwenye silinda zote: ukijumlisha spea, kazi ya kuikarabati injini na siku za gari kulala, injini iliyotumika kutoka Japani inaweza kuwa nafuu na ya haraka zaidi.

Gharama zake zilizofichika ni mbili. Injini ya dukani haina historia, na mnunuzi anabadilisha ugonjwa anaoujua kwa afya asiyoijua. Pia, namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na asiyeibadilisha kwa mamlaka husika anajitafutia usumbufu siku ya kuuza au kukaguliwa. Kwa hiyo injini isishushwe kabla ya geji ya mgandamizo kuandikwa kwenye karatasi, silinda kwa silinda. Hukumu ya kusikiliza kwa masikio haitoshi kuishusha injini.

Swali la masega

Pembeni ya mabishano haya yote kuna jambo lisilosubiri. Kwenye ekzosi kuna masega, kifaa chenye vitundu vilivyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu kwa ajili ya kusafisha moshi. Petroli isiyowaka kwenye silinda huenda kuwakia huko. Joto hupanda kupita kiasi, vitundu huyeyuka na kuziba, na injini isiyoweza kutoa pumzi huanza kukosa nguvu na kumisi zaidi. Petroli hiyo hiyo huosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi husuguana zikiwa kavu.

Kwenye magari mengi yenye mfumo wa OBD-II, taa ya injini iliyowaka tu inasema tafuta fundi, na inayopepesa inasema misi imefikia kiwango cha kuua masega. Inapopepesa, dereva apunguze mwendo na mzigo mara moja, na gari lisimamishwe mapema iwezekanavyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta: koili moja iliyopuuzwa kwa mwezi huweza kumaliza masega yenye bei kubwa kuliko koili zote nne.

Wengine hutatua kwa kuyang'oa masega kabisa. Gari hupumua, na mwenye nalo huona limepata nguvu. Lakini kilichokuwa kimeyaziba hakijatibiwa, sensa ya nyuma hulalamika, na moshi usiosafishwa huvutwa na watoto kando ya barabara. Nafuu ya mtu mmoja inalipwa na mtaa mzima, na sioni jinsi ya kuitetea.

Mizani

Tukiiweka misimamo mitano pamoja, inaonekana haipingani kama inavyodhaniwa. Kila mmoja ni hatua halali iliyogeuzwa kuwa jibu zima. Tofauti ya gharama inatokana na mpangilio: kipimo cha bei ndogo kinachoondoa mashaka mengi kitangulie, na kile kinachofungua injini kije mwisho.

Mpangilio huo huanza na maswali. Misi ilianza lini? Kwa baridi au joto, mlimani au kwenye foleni? Gari lilioshwa, lilipewa mafuta wapi, nani aliligusa mwisho? Mficha maradhi kilio humfichua. Mteja anayeficha kwamba jirani alijaribu kulitengeneza jana analipia ukimya wake. Kisha mashine isomwe na namba ziandikwe kabla ya kufutwa. Yafuate macho: visima vya plagi, soketi, mipira ya hewa, kiwango cha maji na oili. Baada ya hapo koili na plagi zihamishwe, na plagi zote zisomwe. Zikishatoka safi, ipimwe presha ya petroli na nozeli, kisha mgandamizo. Kila hatua ikiandikwa, gereji ya pili haitaanza upya.

Linabaki swali la kipuri kimoja au vyote. Plagi huchakaa pamoja, hivyo zibadilishwe zote. Koili hufa moja moja. Iliyothibitishwa ibadilishwe peke yake kama fedha ni ndogo na gari linazunguka mjini. Kwa teksi au gari la safari ndefu, ambako kulala njiani ni hasara, kubadilisha zote zenye umri mmoja kunaweza kutetewa. Huo ni uamuzi wa mfuko na matumizi ya gari, na mteja aelezwe hivyo waziwazi.

Mpangilio huu hautadumu bila kurekebisha malipo. Wenye magari wakubali kulipia upimaji kama kazi inayojitegemea, hata kama tatizo litakuwa mpira wa bei ya soda. Mafundi nao wakubali kuonyesha ushahidi: namba kabla na baada, koili iliyohamishwa, plagi zilizopangwa juu ya kitambaa.

Kwa muhtasari

Misi ni silinda iliyokosa zamu yake, kwa sababu ya moto, mafuta, hewa au mgandamizo. Plagi mpya ni matunzo mazuri na uchunguzi dhaifu. Mashine hutaja silinda, haitaji chanzo. Mkono wa fundi huthibitisha kwa kuhamisha kosa, ila hauwezi kukumbuka kilichotokea njiani. Kusafisha kunafaa pale uchafu ulipopimwa, na kubadilisha injini kunafaa pale geji imesema. Taa ikipepesa, mabishano yote yangoje na gari lisimame.

Mwenye gari asiyejua jina la kipuri hata kimoja bado ana swali moja la kumsaidia kabla hajatoa fedha: "Umejuaje?" Fundi aliyehamisha koili na kuona kosa linahama nayo atajibu kwa sentensi moja, na jibu hilo linastahili kulipiwa.